Trili kwa Vidole vya Kuchambua Kahawa

Juzi kijana mmoja wa mtaa wa Kahawa Wendani alinitembelea nyumbani na kifaa cha plastiki chenye springi tano, moja kwa kila kidole. Anakifinya akitembea, anakifinya akisubiri chai, anakifinya hata mkiongea naye. "Cucu, hii ndio inajenga nguvu ya vidole," akaniambia. "Nipe mwezi moja tu, trili zangu zitakuwa noma." Nikamwambia aketi anipigie kile alichokuja kunipigia. Trili yake ilianza vizuri, ikakaza, ikakwama, ikafa kabla haijafika nusu. Mkono ulikuwa mgumu mpaka begani. Nilikichukua kile kifaa nikakitia kwenye droo ya vijiko, na sijamrudishia. Akikitaka aje na mama yake tuzungumze.

Kwa yule ambaye hajafika huko bado, trili ni noti mbili za jirani zinazopokezana haraka sana, moja mbili moja mbili, mpaka sikio linaacha kuzihesabu. Ni pambo tu la muziki. Lakini ndipo wapigaji wengi wanapoaibika, maana mkono uliokaza hauwezi kujificha pale.

Mimi ni Wambui. Nimefundisha piano hapa Thika mpaka macho yakakataa kusoma noti na goti likakataa pedali, na wengi wenu mnaniita Cucu wa Piano, yaani nyanya wa piano, jina ambalo sikulichagua. Kabla ya hapo nilikuwa mchambuaji wa kahawa. Nasema hivyo mapema ili anayedhani kazi ya mikono huharibu mkono wa muziki aache kusoma hapa. Nimeambiwa hivyo tangu nikiwa msichana, na watu wenye vyeti, na bado nakataa.

Miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya mkoloni, nilikuwa kiwanda cha kukoboa kahawa hapa Thika. Sisi wanawake tulikaa pande zote mbili za meza ndefu, buni zinamwagwa katikati, nasi tunatoa mbovu: nyeusi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu. Gumba na kidole cha shahada kutwa nzima. Nyapara alipita nyuma yetu na fimbo yake, hakuwa anampiga mtu nayo, alikuwa anaigongesha mezani tu, lakini tulijua kwa nini anaibeba. Jioni vidole vilinuka vumbi la kahawa hata baada ya sabuni. Sikuipenda ile kazi. Nataka tu mjue kwamba ilinifundisha kitu ambacho kitabu cha piano hakikuwa nacho.

Piano yenyewe ilikuwa Ruiru, kwa kanisa letu, na mwenye kuishika alikuwa mmisionari mmoja, Miss Harland. Alikuwa amenifundisha tangu nikiwa darasa la pili, akanifuata mpaka la nne, shule ikaisha kwangu kwa sababu baba alichukuliwa kizuizini na mama hakuweza peke yake. Nilipoajiriwa Thika, Miss Harland hakuniacha. Kila Jumamosi mchana nilipanda treni na kibali kilichotiwa sahihi na meneja, maana wakati huo Mkikuyu hakusafiri bila karatasi, nikapata saa moja ya piano siku hiyo na nyingine Jumapili baada ya ibada. Jumatatu treni ya kwanza inanirudisha kwa meza ya kahawa. Siku zote nyingine piano ilikuwa imefungwa, na ufunguo alikuwa ameuvaa shingoni kwa kamba, pamoja na ule wa kabati ya dawa.

Kwa hivyo siku tano za juma sikuwa na piano. Nilikuwa na kipande cha mbao cha sanduku la chai, nimekichora vibao vyeupe na vyeusi kwa makaa. Kila nikipiga makaa yanafutika, nachora tena. Wasichana tuliolala nao chumba kimoja walizoea kuniona na ncha za vidole nyeusi. Mmoja aliniuliza kama napika kwa vidole.

Sasa niwaambie jinsi Miss Harland alivyonifundisha, maana nusu ya makosa yenu niliyafanya kwanza mimi, na kwa bidii kuliko ninyi. Aliniwekea senti kumi ile ya tundu katikati juu ya mgongo wa mkono. Nikipiga na ikaanguka, naanza upya. Halafu kulikuwa na zoezi la kubonyeza vibao vinne kwa vidole vinne na kuinua kidole cha tano kilichobaki, mara kumi, mara ishirini. Kidole cha pete kikawa ndicho adui yetu. "Kidole hiki ni kivivu, Wambui," alisema. "Lazima kiadhibiwe." Alisema kwa Kiswahili chake kilichonyooka cha kitabu, na mimi niliamini.

Kidole cha pete si kivivu. Kimefungwa na majirani zake chini ya ngozi, hakiwezi kuinuka peke yake kama cha shahada, na hakuna adhabu itakayokifungua. Hili sikulijua. Na ile senti kumi ilinifundisha kushikilia mkono kama ubao ili isianguke. Nilifaulu. Ningeweza kupiga skeli mbili, noti zikipanda na kushuka kwa mpangilio, na sarafu haitikisiki. Mkono uliobeba sarafu vizuri hivyo ulikuwa umekufa, lakini wote wawili tulifurahi.

Hapo ndipo habari ya ufunguo ilipoingia. Wazee wa kanisa walikuwa wamejenga kanisa jipya la mawe, na Miss Harland alikuwa anarudi kwao moja kwa moja mara tu baada ya kulifungua. Lazima mtu apewe ufunguo wa piano. Mwenyekiti wa wazee alikuwa Mzee Ephraim, mtu mwenye duka, mwenye koti, na mwenye mpwa anayeitwa Josphat aliyekuwa ametoka chuo cha ualimu na tai shingoni. Josphat alikuwa anapiga nyimbo za ibada bila shida. Mzee Ephraim alitaka apewe yeye tu, yaishe. Miss Harland akasema hapana, na wapimwe. Wakakubaliana mbele yangu, wazee wote watano wakiitikia kwa kichwa: siku ya kufungua kanisa, mimi na Josphat kila mmoja apige kipande kilekile alichokichagua Miss Harland, na yule atakayekimaliza chote bila kukwama ndiye atakayekaa na ufunguo.

Mnaelewa maana yake kwangu. Josphat akiupata, yuko Ruiru siku zote, piano ni ya shule na ya nyimbo za Jumapili, na mimi nabaki na mbao ya makaa. Sikuwa na piano nyingine katika dunia hii. Mtu mweusi na piano siku hizo, msichana, tena Mkikuyu mwenye baba kizuizini, ningeipata wapi?

Na kipande chenyewe kilikuwa na trili. Karibu na mwisho, mkono wa kulia, mipigo minne mizima, kwa kidole cha pete na kidole kidogo, kwa sababu gumba lilikuwa limewekwa kushikilia noti nyingine chini yake. Yaani vidole viwili vilivyo dhaifu kuliko vyote, na mkono umefungwa kwa gumba. Josphat akiifikia alikuwa anajikohoza ili asiipige. Mimi nilikuwa nakwama.

"Mkono wako ni wa jembe, Wambui," Miss Harland aliniambia siku moja, kwa upole, na upole ndio uliniuma. "Usihuzunike. Piga nyimbo za ibada vizuri. Labda hiyo trili tuiruke."

"Sijashika jembe tangu niache shule, Miss," nikamjibu. "Mimi nachambua."

Hakucheka. Mimi nilicheka kwenye treni, halafu nikakasirika mpaka Thika.

Hasira ndiyo iliyonifanya nifanye ujinga. Nikawaza: kama tatizo ni nguvu, basi nitaleta nguvu. Nikashona kifuko kidogo cha kitambaa, nikakijaza buni zilizokataliwa, nikakifunga kwa uzi kwenye kidole cha pete cha mkono wa kulia. Kila nikitoa buni mbovu mezani nainua kidole na mzigo wake, kutwa. Usiku naenda nacho kulala. Nilijiona mwerevu sana. Siku ya nne kiungo kikavimba. Siku ya sita sikuweza kufunga kitufe cha gauni. Nyapara akaniona nachambua polepole, akanitoa mezani akanipa ufagio, akasema nikikaa hapo zaidi ya majuma mawili atatafuta mwingine. Kufungua kanisa kulikuwa kumebaki majuma matano. Nilifagia vumbi la kahawa nikilia, nikijiambia ni vumbi.

Nawaomba, yeyote kati yenu anayefunga kitu kwenye kidole, afungue leo. Kidole hakijengwi kwa kubebeshwa. Kikiuma, acha. Kesho yake kikiuma, acha tena. Nguvu ya kupiga piano inakuja kwa kupiga polepole, kwa sauti kamili, kila siku kidogo, na kupumzika katikati. Haiuzwi dukani na haina springi.

Aliyeniokoa hakuwahi kugusa piano. Cucu Njeri alikaa upande wa pili wa meza yetu, mtu wa Ruiru kama mimi, meno matatu, mchambuaji wa haraka kuliko sisi sote. Nyapara mwenyewe hakugongesha fimbo karibu naye. Siku niliporudi mezani alinishika mkono akaugeuza.

"Hiyo kidole umeifanya nini?"

"Nilikuwa naipatia nguvu, Cucu. Ya piano."

"Nguvu ya kufanya nini? Kwani piano iko na uzito kama gunia?"

Nikamweleza trili. Sikuwa na neno, nikamwonyesha mezani kwa vidole, na ikawa mbaya hata pale kwa mbao. Akaniangalia, akaangalia mkono wangu, akaendelea kuchambua bila kuinua macho.

"Ona mkono yangu," akasema. "Mimi sikamati buni. Naigusa, naiacha. Nyinyi wasichana mnakamata, mnafinya, mpaka buni inajua imekamatwa. Kazi si kukamata. Kazi ni kuachilia haraka ndio mkono iwe tupu ya kuchukua ingine."

Nilikaa na hayo maneno siku nzima. Jioni nilichukua mbao yangu, na badala ya kusukuma chini nikasikiliza kidole kinaporudi juu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimejifunza nusu ya trili. Nilikuwa nabonyeza noti ya pili wakati ya kwanza bado iko chini. Vidole viwili vilikuwa vinagombana kwenye mlango mmoja. Kumbe trili si kupiga haraka, ni kuacha haraka.

Kuanzia hapo nilifanya hivi, na hivi ndivyo nimewafundisha watoto wote waliopita kwangu. Kwanza unaacha mkono uning'inie kando ya kiti mpaka uwe mzito. Unauinua ukiwa bado mzito, unauweka juu ya vibao. Unapiga noti tatu tu, polepole, unasimama. Unasikia bega. Kama limepanda, unaanza upya. Ukishazipata tatu, unapiga tano, unasimama. Halafu saba. Ncha za vidole hazitoki kwenye vibao, hazirukiruki. Zinapanda na kushuka pamoja na kibao. Na kigasha kinasaidia kidogo sana, kinageuka huku na huku kama unavyosokota uzi wa kiondo pajani, mtu akikutazama asione. Kasi haiitwi. Unaongeza noti, unaondoa nguvu, siku moja unasikia imekuja yenyewe. Na usipige trili yote kwa kishindo. Ianze kidogo, ikue.

Kuna mwingine alinidanganya kuhusu nguvu, nisisahau, naye alikuwa piano yenyewe. Mvua za masika zilipokuja, vibao vilivimba kwa unyevu, vikawa vinashuka na kukataa kurudi. Mimi nilidhani nimedhoofika. Nilipiga kwa mkono mzima kama ninayekanda unga. Baada ya miaka, fundi mmoja Mgoa kutoka Nairobi aliifungua, akatoa vibao, akavisugua pembeni kwa msasa, na vikawa vyepesi mpaka trili yangu ya kwanza ilikimbia ikaniacha. Tangu siku hiyo, mwanafunzi akiniambia vidole vyake havina nguvu, kwanza naenda kuangalia piano yake. Ninyi wa kinanda cha umeme mna shida tofauti. Vibao vyenu ni vyepesi mno, mkiletwa kwa piano ya kweli mnazama. Basi ongezeni muda, msiongeze hasira.

Nirudi. Yalikuwa yamebaki majuma mawili, na mkono ulikuwa umefunguka, lakini lile gumba lililoshikilia noti ya chini bado lilikuwa linanivuta. Ile Jumamosi nilikaa nikaangalia karatasi mpaka nikaona kitu. Mkono wa kushoto haukuwa na kazi kubwa wakati ule. Gumba la kushoto lingeweza kufika ile noti na kuishika. Mkono wa kulia ukiwa huru, trili naipiga kwa kidole cha shahada na cha kati, vidole vyangu vya kahawa, vyenye akili. Nikachukua penseli, nikafuta nambari za vidole za kitabu, zile zinazosema kidole gani kipige noti gani, nikaandika zangu.

Miss Harland aliziona Jumapili. Alitoa kifutio akazifuta taratibu. "Aliyeandika muziki huu alijua anachotaka," akasema.

"Alitaka noti zisikike, Miss. Zinasikika."

"Si kwa njia hii."

Juma lililofuata nikaziandika tena. Akazifuta. Karatasi ilikuwa inaanza kutoboka. Mara ya tatu sikuandika, nilikuwa nazijua.

Siku ya kufungua kanisa watu walijaa mpaka nje. Cucu Njeri alikuja, na wachambuaji wengine saba wenye jamaa Ruiru, kila mmoja na kibali chake mfukoni. Mkutano nao ulikuwa na kibali, uishe saa tisa alasiri, maana saa kumi lango la kijiji, kile serikali ilichokizungushia ua, linafungwa na kila mtu awe ndani ya ua. Jina lililoandikwa kwenye kibali kama mwenye dhamana lilikuwa la Mzee Ephraim, na mkutano ukipitiliza atakayeshikwa ni yeye. Homgadi wawili, askari wenyeji wa serikali, walisimama mlangoni, mmoja na saa ya mkononi ambayo aliipenda sana.

Josphat akapiga kwanza. Alipiga vizuri, nasema kweli, mkono safi. Alipofika kwa trili aliiruka, akaingia kwa noti ya mwisho kama mtu anayevuka mtaro. Watu hawakujua. Miss Harland alijua. Josphat mwenyewe alijua. Aliporudi kukaa hakumwangalia mjomba wake.

Nikaketi. Niliacha mkono uning'inie kando ya kiti, na nikasikia mtu nyuma akicheka kwamba nimeogopa. Nikapiga. Trili ilipofika, gumba la kushoto likachukua ile noti, na vidole vyangu viwili vikaanza kuachilia. Ilianza ndogo. Ikakua. Mipigo minne, na ningeweza kwenda mingine minne. Nilimaliza bila kukwama, nikakaa palepale kwenye kiti kungoja.

Miss Harland alivua kamba shingoni, akatoa ufunguo, akampa Mzee Ephraim kama mwenyekiti ili anikabidhi. Mzee akasimama mbele, akakohoa.

"Tumesikia," akasema. "Msichana amepiga. Lakini ufunguo ni mali ya kanisa. Na mali ya kanisa haiwezi kukaa kwa nyumba ambayo mwenyewe yuko kizuizini. Serikali itatuuliza. Kwa hivyo baraza limeonelea ya kwamba mwalimu Josphat ndiye..."

Nilimwangalia Miss Harland. Alikuwa anaangalia sakafu. Nilimpenda yule mama, alinipa kila kitu alichokuwa nacho mkononi, na siku ile alinyamaza. Naandika yote mawili kwa sababu yote mawili ni kweli.

Nilitaka kulia na sikulia, kwa sababu kabla machozi hayajafika, nilisikia sauti nyuma kabisa ya kanisa. Cucu Njeri alikuwa ameanzisha wimbo. Wimbo wa ibada, ule ambao kila mtu anaujua, kwa sauti yake ya meno matatu. Wachambuaji saba wakapokea. Halafu kanisa lote, maana wimbo ukianza kanisani huwezi kukaa kimya ukionekana. Mzee Ephraim alibaki na mdomo wazi na mkono wenye ufunguo juu. Mimi nikageukia piano nikawafuata.

Wimbo ukaisha. Mzee akavuta pumzi. "Kama nilivyokuwa nasema, mwalimu Josphat..." Cucu Njeri akaanzisha mwingine. Wenye beti sita. Nikaupiga wote, na mwisho wa kila mstari nikatia trili, pale ambapo hakuna kitabu kilichoiandika.

Wa tatu. Wa nne. Mzee alimwita homgadi wa mlangoni kwa mkono, na homgadi akamwonyesha saa yake. Ilikuwa saa tisa kasoro kidogo. Hakuna sheria inayokataza watu kumwimbia Mungu, lakini kuna kibali chenye jina la mtu. Kila wimbo uliokwisha, Mzee alisimama. Kila aliposimama, mtu alianza mwingine, na baadaye hakuwa Cucu Njeri tena, walikuwa watu wa madawati ya mbele, watu wa duka lake mwenyewe. Wimbo wa sita aliuanzisha Josphat. Aliuanza akiwa ameangalia mbele, tai yake imenyooka, na mjomba wake akageuka kumtazama kwa muda mrefu.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hili ndilo nililotaka kuwaambia tangu mwanzo. Kama ningekuwa na ule mkono wa senti kumi, ule mgumu niliousifia, ungekufa wimbo wa tatu. Ningelazimika kuacha, kanisa lingenyamaza, na Mzee angemaliza sentensi yake. Lakini mkono ulikuwa huru. Ulikuwa mzito na haujakaza, unagusa na kuacha, kama mkono wa mtu anayechambua kutoka asubuhi mpaka jioni na kesho anarudi tena. Mikono ya wanawake wa ile meza haikuchoka kwa saa kumi kwa siku. Wimbo wa tisa nilikuwa naweza kuendelea mpaka lango la kijiji lifungwe na tulale wote mle ndani, na Mzee Ephraim alianza kuliona hilo usoni mwangu.

Saa tisa ikapita. Homgadi wa saa alianza kutembea katikati ya madawati, si kwangu, kwa Mzee. Aliongea naye sikioni. Mzee akatazama watu, akatazama baraza lake, na wazee wanne walikuwa wanaimba wakiwa wamefumba macho ili wasimwone.

Alikuja akasimama kando ya piano. Jasho lilikuwa limeshuka mpaka kwenye kola. Aliuweka ufunguo juu ya piano, karibu na karatasi ya muziki, akainama ili watu wasisikie.

"Haya. Shika. Sasa maliza."

"Nimeshika, Mzee," nikasema, bila kuondoa mikono. "Lakini huu uko na beti mbili zimebaki."

Nikazipiga zote mbili, polepole, na hakuna mtu aliyetoka.